Salamu Maria Tatu kwa Kila Kituo

Kutoka barazani kwangu Pasiansi, hapa Mwanza, naiona meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kila inapotoka. Nimeiona kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu nilipojenga hapa, na imekuwa saa yangu: ikipita nyuma ya mawe ndipo ninapomimina chai. Asubuhi ile simu ilipolia kikombe kilikuwa mkononi. "Shikamoo mama, ni Laurenti, wa Nahodha Bigambo." Kabla sijaitika nilikwisha kujua, maana mtoto wa mtu uliyemkimbia hapigi simu asubuhi kukujulia hali. Nikaitika marahaba, nikauliza mzee anaendeleaje, kana kwamba nilikuwa na haki ya kuuliza. "Mzee ametutoka, mama. Mazishi keshokutwa. Tumekuweka kwenye ratiba uzungumze upande wa kazi. Mwenyewe alikuwa anakutaja sana. Anasema katika wote aliofanya nao kazi, wewe ndiye uliyefika mbali." Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nilijifunika uso kwa upande wa kanga, peke yangu barazani, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Katika sura zilizotangulia nimeuruka mwaka mmoja, na msomaji makini atakuwa ameliona pengo. Niliuandika kwa sentensi moja tu: "Nilifanya kazi ya kupima joto la ziwa, kisha nikaenda masomoni." Kila neno katika sentensi hiyo ni kweli, na sentensi nzima ni uongo. Watu wanaoniita Profesa hapa mjini wanadhani safari yangu ilianzia kwenye ndege. Ilianzia mezani kwa Bigambo, Nansio, mbele ya sahani ya machungwa, nikiwa na kalamu ya wino. Nimekuwa nikiyazunguka maneno hayo miaka yote kama paka anavyozunguka uji wa moto. Sasa mwenye meza amekufa, na mimi bado nina mdomo, basi nitasema.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, katikati ya miaka ya tisini. Mji ulikuwa umefunguka ghafla. Mitumba ilimwagwa chini kila kona, viwanda vya samaki vilijengwa ufukweni kimoja baada ya kingine, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya nasi tukabaki na mapanki, yale mafupa yenye kichwa na mkia, tukayakaanga na kusema ni matamu. Maofisini neno lilikuwa moja tu, kupunguzwa. Mtu alikuwa akiitwa kwa meneja, wenzake wanaacha kuandika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, diploma yangu mpya kwenye bahasha, na kazi ya mkataba katika mradi mdogo wa wafadhili uliopewa vyumba vitatu katika jengo la serikali kando ya maji. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Dakta Maduhu, mkuu wa mradi. Cha pili kilikuwa cha kompyuta, na ukiingia humo unavua viatu. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, kama redio ya sebuleni. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kupitia mbao hizo nilisikia mambo ambayo sikutakiwa kuyasikia, pamoja na lile ambalo ningetoa chochote nisilisikie.

Kazi ya mradi ilikuwa kuifundisha kompyuta jinsi maji ya ziwa yanavyotembea. Magugu maji yalikuwa yameanza kuziba magati, na kila mtu alitaka kujua kesho yatasukumwa wapi. Tena kulikuwa na yale maji mazito ya chini, yasiyo na hewa, ambayo yakipanda juu samaki hufa. Modeli yetu, kwa maana ya hesabu ndefu zilizokaa ndani ya kompyuta ile, ilikuwa ikikosea sana. Upepo ukivuma kutoka kusini, modeli inasema maji yanakwenda huku, magugu yenyewe yanakwenda kule. Ndipo wafadhili wakaleta dawa: picha za setilaiti. Setilaiti ilipita juu yetu alasiri, ikaupiga picha uso wa ziwa kwa joto lake, na baada ya wiki kadhaa picha zikatufikia kwa posta zikiwa kwenye disketi, na nyingine zimechapwa kwa rangi. Penye joto pekundu, penye baridi buluu. Modeli ilipewa picha hizo ili ijirekebishe. Lakini jicho lililoko mbali kiasi kile lazima lihakikiwe na mtu aliyeshika maji, na mtu huyo alikuwa Nahodha Bigambo.

Alikuwa mwajiriwa wa serikali wa siku nyingi, aliyeazimwa kwa mradi pamoja na boti yake. Mwembamba, mrefu, Mkerewe wa Nansio, elimu yake darasa la saba. Vituo vilikuwa vinane, kuanzia mbele ya Mwanza hadi maji ya wazi ng'ambo ya Ukerewe. Kila kituo alizima injini, akatupa ndoo iliyofungwa kamba, akaivuta, akaiweka kivulini mwa mwili wake na kuzamisha kipimajoto. Maelekezo yalisema dakika moja. Saa tuliyopewa ililowa ikafa mwezi wa kwanza, na kuagiza nyingine kulihitaji barua tatu, basi Bigambo akapata njia yake. Alisali Salamu Maria tatu, bila haraka, midomo ikicheza, halafu akainama akasoma. Niliwahi kumpima kwa saa ya kuazima: sekunde hamsini na nane, sekunde sitini na moja, sekunde sitini. Mimi si Mkatoliki, lakini mwaka ule nilizijua Salamu Maria kwa hesabu ya nyuzijoto. "Ukiiharakisha sala," aliniambia, "na namba nayo inaharakishwa. Unapata namba ya juu juu." Akishasoma aliita namba, mimi nikaiandika kwenye fomu kwa wino. Fomu ya mradi haikutaka penseli wala kufutafuta. Yeye naye aliiandika kwenye daftari lake la shule, kwa mwandiko mkubwa. Nilimtania kwamba anajinyang'anya muda. "Fomu ni ya ofisi," alinijibu. "Ziwa nalo linataka la kwake."

Mchana tulikula kwa mama mmoja pale mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki, ugali wa muhogo na furu, au mapanki siku za mwisho wa mwezi, na Bigambo alikuwa na desturi ya kunimegea kipande cha samaki wake na kukiweka upande wangu bila kusema kitu. Watu walimcheka kwamba amepata binti wa kusoma. Alisema ndiyo, na huyu atatusomea sote. Nakumbuka moshi wa kuni, redio ikitangaza bei ya dola, na wanaume wa meza ya pili wakibishana nani yupo kwenye orodha ya kupunguzwa na nani amemwona nani. Bigambo hakuingia katika mabishano hayo. Aliamini kabisa, na nadhani ndiyo imani iliyonitesa zaidi baadaye, kwamba mtu anayefanya kazi yake sawasawa hana haja ya kuulizia orodha.

Ikaja siku ya upepo. Ilikuwa katikati ya kiangazi, wakati ambapo upepo wa kusini huamka asubuhi na kukataa kulala. Vituo vitano vya kwanza tulivimaliza. Baada ya hapo unatoka kwenye kivuli cha kisiwa, na mbele niliona mawimbi yana vichwa vyeupe. Nilikuwa nimeshatapika mara mbili. Nikamwambia Nahodha siwezi, nikaanza kulia, kulia kwa kweli, kamasi na yote. Kanuni ya mradi ilikuwa wazi: msomaji na mwandishi hawaachani, na mwandishi anayeshuka chomboni hana kazi. Bigambo aliyatazama maji, akanitazama mimi, akageuza boti, akanishusha Nansio. "Nenda nyumbani, mwambie Mama Laurenti akupe kitu cha moto. Mimi nitamalizia." Nikamwambia upepo huo hautampitisha. "Haya," akasema, akaenda.

Mkewe alinipokea kama mgonjwa wa familia. Chumba chao cha mbele kilikuwa na meza ya mninga yenye mguu mmoja uliotiwa kigae cha chungu isitikisike, picha ya Moyo Mtakatifu, na dirisha linalotazama mchungwa. Nilipewa uji, kisha machungwa yaliyomenywa, yale matamu ya Ukerewe. Tumbo lilipotulia, hofu ikaanza. Nilikuwa na hakika kwamba Bigambo atarudi mikono mitupu, na fomu itakwenda na matundu matatu, na Dakta atauliza kwa nini, na itajulikana kwamba nilishuka. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka, na palikuwa na nafasi moja ya masomo Ulaya. Nikaifikiria picha ya setilaiti ya wiki zilizopita iliyobandikwa ukutani ofisini. Niliijua kama sura ya ndugu, nilikaa mbele yake kila siku. Vituo vya sita, saba na nane vilikuwa kwenye ile rangi ya machungwa, na rangi ya machungwa ilikuwa nyuzi ishirini na tano na kitu. Nikafungua kofia ya kalamu. Ishirini na tano nukta nne. Ishirini na tano nukta tano. Ishirini na tano nukta tano. Mama Laurenti akaingia na sahani nyingine, nami nikaifunika karatasi kwa mkono. Akatabasamu, akaweka machungwa, akatoka.

Bigambo alirudi baada ya saa mbili hivi, amelowa hata nyusi. Hakuketi. "Andika, binti. Cha sita ishirini na nne kamili. Cha saba ishirini na tatu na nusu. Cha nane hivyo hivyo. Maji ya chini yamepanda, vidole vyangu vimekufa ganzi." Nikainama juu ya fomu, nikaichezesha kalamu hewani kama mtu anayeandika. Wino ulikuwa umekwisha kukauka. Nilijiambia nitanakili fomu mpya kesho. Nikajiambia pia, na hapa ndipo elimu yangu ndogo ilipokaa pabaya kuliko woga wangu, kwamba huenda amekosea. Nyuzi mbili si mchezo. Baridi gani hiyo katika ziwa letu, wakati picha iko ukutani na inaonyesha vingine? Kesho yake Dakta alikuwa mlangoni akinisubiri na mkono umenyooshwa. Nikampa ile ile.

Picha ya siku ile ilifika baada ya wiki nne. Dakta Maduhu aliilinganisha na fomu yangu, na nikasikia kupitia mbao akicheka peke yake kwa furaha. Ilikubaliana karibu nukta kwa nukta, vituo vyote vinane. Modeli ilipewa picha pamoja na namba zangu, ikajirekebisha vizuri, na faksi ya pongezi ikaja kutoka Ulaya. Nilitembea siku mbili nikidhani nimeokoka. Siku ya tatu Dakta, akiandaa taarifa, aliomba daftari la Nahodha ili aweke mfano wa kumbukumbu za chomboni. Akalifungua. Kisha nikasikia anamwita.

"Mlitia nanga Nansio siku ile?"

"Tulitia, Dakta. Upepo ulikuwa mkali."

"Ukaingia kwako."

"Niliingia."

"Ukala."

"Nilikula baada ya kazi."

"Na namba hizi uliziandika kabla ya kula au baada? Maana picha inasema ishirini na tano na nusu. Fomu ya binti inasema hivyo hivyo. Wewe peke yako ndiye mwenye ziwa la baridi. Niambie ukweli, Bigambo. Hukwenda. Uliketi mezani kwako ukatunga."

Akikasirika, l na r zake zilibadilishana viti. "Dakta, nimechota kwa mkono huu. Picha haijarowa maji. Mkono wangu umerowa."

"Binti alikuwa wapi ulipochota?"

Nilikuwa nimesimama bila viatu upande wangu wa mbao, mkono juu ya kile kitambaa cha maua. Nilijua anachopaswa kusema. Neno moja tu, alikuwa kwangu, na Dakta angeelewa yote, na mimi ningerudi kwetu na bahasha yangu. Nilisubiri neno hilo nikiwa nimefumba macho. Ulipita muda wa kutosha Salamu Maria nzima.

"Alikuwa na mimi," akasema.

Sikutoka chumbani. Hilo ndilo tendo langu zima, na nimelipima kwa kila namna likabaki vile vile: mlango ulikuwa hatua nne, sikutoka. Mtu aliyekuwa hajawahi kutunga namba alitunga maneno matatu kwa ajili yangu, na maneno hayo ndiyo yaliyommaliza, kwa sababu kama nilikuwa naye, basi fomu yangu ni shahidi dhidi yake. Orodha ya kupunguzwa ilipobandikwa jina lake lilikuwamo. Mbele ya jina waliandika kwamba si mwaminifu katika kumbukumbu. Orodha ilibandikwa ubaoni, nje, pale wavuvi wanapopita kuleta samaki.

Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake alinikuta ngazini. Dakta alikuwa amemwambia aondoke hata na kipimajoto chake kibovu, akakibeba mfukoni mwa shati. Nilitazama miguu yake. Nilikuwa tayari anitukane, nilitamani anitukane. Badala yake aliniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua. "Binti, wewe ulizijuaje? Hukuchota. Na picha imekuja ikasema kama wewe."

Bado nafasi ilikuwapo. Ngazini pale hapakuwa na mtu. Ningeweza kusema, Nahodha, nilinakili ukutani, sijui kwa nini picha imekubali, twende kwa Dakta. Nilisema, "Ni hesabu tu, Nahodha."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo zito. "Basi mmetupita," akasema, akashuka.

Nafasi ya masomo nilipata mimi. Huko Ulaya nilipewa meza katika chumba chenye joto ambamo picha zetu zilitengenezwa, na mwezi wa tatu nikaomba kuona picha ghafi ya siku ile ya upepo. Mwenzangu mmoja mpole aliifungua. Juu ya vituo vitatu vya mwisho palikuwa na wingu. Setilaiti haikuwa imeona kitu. Akanieleza bila kujua anamweleza nani: penye mawingu kompyuta hujaza pengo kwa kuangalia jirani na picha za siku za nyuma, ili mtumiaji apate picha nzima, isiyo na matundu. Nikaelewa. Picha iliyokuwa ukutani ndiyo iliyojaza pengo la picha mpya, na picha hiyo hiyo ya ukutani ndiyo iliyojaza fomu yangu. Tulinakili kwa mwenzetu mmoja, mimi na mtambo wa angani, kisha tukapongezana kwa kufanana. Katika hayo yote aliyegusa maji alikuwa mmoja. Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka mtu alipogonga.

Niliporudi nilifanya jambo ambalo kwa miaka mingi nililihesabu kuwa ni toba. Niliziondoa namba zangu tatu kwenye faili, nikaandika pembeni "ubora wa mashaka", nikaweka zile za daftari la Bigambo ambalo lilikuwa limeachwa kabatini. Modeli ikaanza kuonyesha maji baridi yakipanda ng'ambo ya Ukerewe upepo wa kusini unapovuma, na ikaacha kukosea mahali ilipokuwa ikikosea. Nilialikwa kulieleza hilo katika mikutano. Nikipandishwa jukwaani nilisema "vipimo vya chomboni vya miaka ya nyuma". Sikutaja jina. Faili nililisahihisha, mwenyewe sikumwambia. Nikajenga Pasiansi, nikapanda maua, nikawa nakunywa chai meli ikipita.

Nansio nilifika siku ya mazishi, asubuhi. Walikuwa wakisali rozari uani, wanawake kwenye mikeka, nami nikaketi kati yao. Sala ilikwenda taratibu, kama alivyokuwa akiisali yeye. Mwisho wa Salamu Maria ya tatu nilijikuta nimeinama kusoma namba, na mbele yangu palikuwa na mkeka tu. Nilipoitwa kuzungumza nilikuwa nimekusudia kusema yote. Nikaona watu, nikaona viongozi waliovaa miwani, nikasema kwamba Nahodha Bigambo alipima vizuri kuliko sisi sote, na kwamba mimi nilimkosea, naomba anisamehe. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti kwa shangwe ya huzuni. "Ndugu waombolezaji, mmeona? Huo ndio unyenyekevu wa msomi wa kweli." Watu wakaguna kuafiki. Nilirudi kuketi nikiwa nimepata sifa nyingine juu ya mgongo wa mtu yule yule, naye akiwa ndani ya jeneza. Laiti ardhi ingekuwa na huruma, ingenimeza kabla yake.

Baada ya mazishi Mama Laurenti aliniita ndani. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini meza ni ile ile, na kigae bado kipo chini ya mguu. Nikamwamkia, akaitika, akatoa kopo la maziwa kabatini, na ndani yake, kwenye kipande cha kitenge, kipimajoto.

"Wewe ni mtaalamu, kitazame," akasema. "Alikuwa anakitia mtungini, anakitia kwenye chai, watoto wakiwa na homa anawawekea kwapani. Siku moja alikipeleka zahanati wakilinganishe na cha kwao. Kikasoma sawa. Akarudi ananiambia, Mama Laurenti, kizima kabisa hiki, sasa siku ile kilipatwa na nini? Mpaka juzi anauliza hivyo."

"Hakikupatwa na kitu, mama."

Nikamwambia yote, safari hii bila kuficha hata kidogo: picha ya ukutani, kalamu, mbao, ngazi, wingu. Alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya kopo. Nilipomaliza aliutazama mchungwa dirishani.

"Yeye alisema yule binti aliyajua maji bila kuyagusa," akasema. "Akasema ndiyo elimu hiyo, sisi wa kuchota tumepitwa. Laurenti alipofeli hesabu alimchapa kwa ajili yako."

"Sikujua kitu, mama. Aliyejua ni yeye."

"Nilikukuta hapa unaandika, kabla hajarudi. Ukafunika karatasi. Nikafikiri ni barua ya mchumba, nikaona haya kukuchungulia." Akakizungushia kipimajoto kitenge, polepole. "Ulaya ulirudi lini?"

Nikamwambia.

"Na sasa unakaa wapi?"

"Pasiansi, mama."

"Pasiansi kule inakopita meli."

"Ndiyo, mama."

Akafunika kopo, akalirudisha kabatini, akafunga mlango wa kabati kwa ufunguo. "Meli inakuja huku kila siku, mwanangu," akasema. Kisha akaenda kuniletea maji ya kunawa, kwa sababu chakula kilikuwa tayari, na mimi nilikuwa mgeni.